Okestra Haikatishi

Juzi jirani yangu alikuwa barazani anasugua sinia la shaba kwa ndimu na majivu, na mimi nilikuwa napita zangu na ndoo ya maji. Ile harufu ikanishika. Nikasimama. Jirani akaniangalia, akasema, "We Mwamvua, umesahau kitu?" Nikamwambia sijasahau, nimekumbuka. Akasema basi kumbuka na ndoo, maana ilikuwa imeinama na nusu ya maji ipo miguuni kwangu.

Hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya Jumapili zetu zote kule Mabatini, Mwanza. Ndimu, majivu, risasi ya kulehemu inayoyeyuka kwenye jiko la baba, na jasho la watu ishirini na wawili waliokuwa wanajiita okestra. Nasema waliokuwa wanajiita, kwa sababu humo kwenye kujiita ndimo ugomvi ulimoanzia, na ugomvi wenyewe niliumaliza mimi, mtoto wa darasa la tatu mwenye magaga na kipande cha nondo. Kama hunisadiki, kaa hapo usikilize. Kama unanisadiki, kaa vilevile, maana sijaanza.

Mwenye okestra alikuwa Sajini Masanja. Usajini wake ulikuwa wa kweli, aliupata vitani Burma. Alikuwa mrefu, Msukuma wa huko Magu, anachechemea kwa mguu wa kushoto, na alikuwa msimamizi kwenye jineri ya pamba, kwa hiyo nywele zake zilikuwa na mvi hata kabla ya mvi zenyewe kuja. Alipojeruhiwa mguu walimpeleka hospitali kisiwani Silani, karibu na India, wakamlaza karibu na dirisha, na ng'ambo ya barabara kulikuwa na ukumbi ambamo Wazungu walikuwa wanafanya mazoezi ya muziki kila siku. Miezi miwili Sajini aliwasikia bila kuwaona. Alisema mwanzoni alidhani ni watu mia tano na ng'ombe wachache.

Siku alipopewa magongo, mahali pa kwanza alipokwenda ni kwenye dirisha la ule ukumbi kuchungulia. Akaona watu wengi wamekaa kwa adabu, kila mmoja na chombo chake, na mbele yao mtu asiyepiga chochote, anapunga kijiti tu. Hilo halikumshangaza, jeshini alishawazoea watu wa namna hiyo. Kilichomshangaza ni mzee mmoja wa nyuma kabisa. Huyo alikaa amekunja mikono tangu mwanzo. Wenzake wanahangaika, wanatoka jasho, yeye katulia. Mwishoni kabisa akasimama, akanyanyua kichuma cha pembe tatu, akakigonga mara moja, akakaa. Na muziki ukaisha.

"Nikasema moyoni," Sajini alikuwa anatusimulia, na hadithi hii tuliisikia kila Jumapili kama sala, "watu wanaoweza kumlisha mtu mzima kwa kazi ya kugonga mala moja, hao watu wana heshima. Na sisi tutakuwa nayo."

Mala, siyo mara. Sajini hakuwa na R. Alikuwa anasema okestla. Tulikuwa tunamwigiza akigeuka, na yeye alikuwa anajua, akigeuka tena anakuta watu wote tumekuwa watakatifu.

Aliporudi Mwanza alikuwa na tarumbeta moja yenye tundu. Akaileta kwa baba yangu, ambaye alikuwa fundi bati. Baba akaigeuza geuza, akaingiza kidole, akauliza, "Hii imepigwa risasi?"

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nyuma yake."

Baba akaliziba lile tundu, na kuanzia siku hiyo wakawa ndugu. Matarumbeta ya kununua hayakuwepo, kwa hiyo baba akaunda. Alichukua debe la mafuta ya taa, mpira wa bomba na faneli, akatengeneza chombo cha sauti nzito ambacho ukikipuliza mbuzi wa jirani wanaitikia. Mazeze yakapigwa na vijana wa jineri, kumi na moja wamekaa safu mbili kama darasani. Kulikuwa na filimbi, ngoma nne, na mzee mmoja wa Nansio mwenye nanga, kile kinanda cha nyuzi, anayekuja kwa meli kila Jumamosi na kulala kwetu, na kutumalizia samaki. Sajini aliwaweka wote juu ya lile jiwe bapa nyuma ya karakana ya baba, akasimama mbele na fimbo.

Hiyo fimbo ilinisumbua sana. Shuleni kwetu mtu mwenye fimbo mbele ya watu waliokaa safu ana maana moja tu. Mara ya kwanza kuona mazoezi nilijificha nyuma ya pipa nikingoja nani atachapwa kwanza, nikamchagua mpiga zeze mmoja mnene nikamwonea huruma mapema. Walipiga mpaka mwisho, hakuchapwa hata mmoja. Nikamuuliza baba kama wamesamehewa.

Nota za Sajini zilikuwa juu ya merikani. Kipande kizima cha merikani kutoka jineri, urefu wa kanga tatu, kimetundikwa kwenye kamba ya nguo. Alichora kwa makaa. Samaki ni matarumbeta yaingie. Jembe ni mazeze. Bata ni filimbi, sufuria ni ngoma. Samaki mkubwa piga kwa nguvu, samaki mdogo piga taratibu. Mtu asiyejua angesema ni orodha ya mahari. Na kule mwisho kabisa wa kitambaa, chini kulia, kulikuwa na nyota moja.

Hiyo nyota ndiyo chuma. Baba alikikunja kutoka kwenye nondo iliyobaki walipojenga ghala, akakining'iniza kwa ugwe wa kuvulia. Kwanza alikuwa anakigonga kaka yangu, ila kaka akapata shule Tabora, na mara yakaanza maneno nani atashika chuma. Vijana wote walikataa. Kijana gani atatoka nyumbani na kanzu safi akagonge mara moja, wasichana wanamwona. Nikasema nipeni mimi. Wakacheka. Mmoja akasema mtoto wa kike kwenye okestra, wapi na wapi. Sajini akasema, "Chuma hakina shida na mtoto wa kike. Wewe una shida gani?" Mambo yakaisha hapo.

Wimbo ulikuwa mmoja tu, aliutunga mwenyewe, una sehemu tatu. Ya kwanza asubuhi ziwani, ya pili upepo wa mchana, ya tatu ni watu wanarudi nyumbani. Sehemu ya tatu ilikuwa mduara. Mapigo arobaini, ukifika mwisho unaanza tena pale pale. Kwa kawaida tulizunguka mara tatu. Kwenye mzunguko wa tatu Sajini ananyanyua fimbo juu kichwani, mimi nahesabu mpaka arobaini, nagonga, na watu wote wananyamaza kama wamezimwa.

Sajini akaniinamia siku ya kwanza, akaniambia, "Mwamvua, sikiliza. Bila chuma, wimbo hauishi."

Mtu mzima akisema hivyo anapamba maneno. Mimi nilikuwa na miaka tisa na nilipokea kama ilivyo. Niliamini kabisa kwamba nisipogonga, wale watu hawataweza kuacha. Nililala nikiwaza. Niliwaona wanapiga mpaka Jumatatu, mpaka ndevu zinaota, wake zao wanawaletea ugali wanalishwa huku mikono ipo kazini. Nikamwona yule mzee wa Nansio amekufa, anazikwa, na nanga inasikika kutoka kaburini. Nikaona sasa mimi ni mtu mkubwa hapa mjini, sema tu watu hawajaambiwa.

Kuhesabu mpaka arobaini bila kupotea kulinishinda, maana kila tarumbeta likilia nasahau nilipofika. Ndipo nikabuni njia yangu. Nikawa nahesabu nyumba. Kutoka karakana ya baba kwenda ziwani kwa njia yetu ya kona kona kulikuwa na milango arobaini kamili. Kila pigo, mlango mmoja. Wa kwanza ni wetu. Wa tisa ni fundi baiskeli mwenye mbwa wa jicho moja. Wa kumi na saba duka la Mhindi, harufu ya binzari. Wa ishirini na sita madrasa yetu. Wa thelathini na tatu mama anayekaanga dagaa. Wa arobaini Bi Tausi wa maandazi, na mbele yake hakuna mlango tena, ni ziwa. Nikiona maji, nagonga. Sikukosea tena.

Kukosea nilikosea mara moja tu, kabla sijapata hiyo njia, na nilikosea mahali pabaya. Arusi moja ya Mkuyuni. Nilikuwa nahesabu vidole, kumbe jikoni wamefunua pilau, upepo ukaleta harufu yake, nikagonga kwenye thelathini na kitu. Watu wakabaki na matarumbeta mdomoni. Baba alinitazama mpaka nikajiona mfupi. Sajini hakunigombeza. Aligeukia wenye arusi, akasema, "Samahanini. Wimbo umekatika, na okestla haikatishi. Tunaanza upya." Tukaanza upya, tangu asubuhi ziwani, yote. Wageni walikula pilau la moto wakitusikiliza, sisi tukala la baridi. Nikajifunza.

Okestra haikatishi. Hilo ndilo lilikuwa jina letu mjini, kuliko jina lenyewe. Watu wa Nansio mpaka leo wapo wanaokumbuka siku tuliyopiga kwao, wale wadudu wa ziwani walipokuja katikati ya wimbo, lile wingu jeusi linalotembea juu ya maji kama moshi. Watu walifunga milango, walijifunika kanga. Sisi tulipiga. Wapiga tarumbeta kila wakivuta pumzi wanavuta na wadudu, na mmoja aliniambia baadaye kwamba alishiba. Tulipomaliza, kitambaa cha nota kilikuwa kimejaa wadudu na huwezi kujua samaki ni yupi. Chifu wa kule akatoa mbuzi. Akasema hajui muziki, ila anajua watu wasiokimbia.

Sasa njoo kwenye wiki ya Uhuru.

Mji ulikuwa umechangamka, kila mwenye duka kapaka chokaa, hata mbwa wa fundi baiskeli alivishwa kitambaa cha kijani. Ilijulikana kuwa siku ya sherehe uwanjani, mchana, watapiga watu wa kila aina mbele ya mgeni rasmi. Sajini alikuwa ameandika barua kwa kamati kwa mkono wake. Jumapili moja kabla ya sherehe tupo juu ya jiwe tunafanya mazoezi, akaja karani wa kamati kwa baiskeli yenye dinamo. Kijana, amefunga tai, na joto lile. Hakusema shikamoo. Pale palikuwa na watu wazima saba, hakumwamkia hata mmoja. Nikaona leo kuna jambo.

Akafungua karatasi. "Nani hapa kiongozi wa ngoma?"

"Hakuna ngoma hapa," Sajini akamjibu. "Hapa kuna okestla."

"Nimekuuliza nani kiongozi."

"Mimi."

"Mmeandikwa ngoma za asili, namba saba, baada ya wacheza nyoka. Dakika tano. Mkimaliza mnaondoka, maana okestra inaingia."

"Okestla gani?"

"Ya klabu. Ya Wazungu."

"Wako wangapi?"

Karani akaangalia karatasi. "Watatu. Na piano."

Watu wakatazamana. Baba akaweka debe lake chini polepole. "Watatu na piano ndio okestra," akasema, "na sisi ishirini na wawili ni ngoma. Nataka tu nielewe hesabu."

"Mzee, okestra ina nota."

Sajini akamwonyesha kamba ya nguo. Karani akakisogelea kitambaa, akamwangalia samaki, akamwangalia bata, akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika tai. Halafu akasema neno ambalo nadhani hakulipanga, lilimtoka tu. "Mzee wangu, kitu hata kukitamka huwezi, utakipigaje?"

Sajini akamtazama, wala hakukasirika. "Mke wangu anaitwa Lebeka," akasema. "Jina lake silitamki vizuli mpaka leo. Nimezaa naye watoto tisa."

Tulicheka mpaka mzee wa Nansio akakohoa. Karani alibadilika rangi, akapanda baiskeli. Sajini akamfuata kidogo kwa ule mguu wake, na mimi nikasogea nisikie, maana mimi na masikio yangu hatujawahi kuachana.

"Kijana," alimwambia kwa sauti ya chini, "simdhalau mtu wa ngoma. Mimi nimelelewa na ngoma. Ni mama yangu. Lakini mtoto akikua anapewa jina lake, haitwi jina la mama yake. Tangaza okestla. Neno moja tu. Tutapiga hata dakika mbili."

"Kitatangazwa kilichoandikwa," karani akasema, akaenda zake.

Sajini alirudi juu ya jiwe akakaa. Sijawahi kumwona amekaa wakati wa mazoezi. Alikaa kama mtu aliyetumwa mbali halafu akaambiwa safari yenyewe haipo. Jioni ile nilimuuliza baba kuna tofauti gani kati ya ngoma na okestra, si wote wanapiga. Baba alikuwa anasugua tarumbeta kwa ndimu. Akafikiri, akasema, "Mwanangu, mwingine anaitwa aje apige watu wakipanga viti. Mwingine anaulizwa kama ana nafasi." Akasugua tena. "Sajini ameishi miaka kumi na tano kwa ajili ya hilo neno. Basi."

Siku ya sherehe tulifika uwanjani tangu asubuhi, kanzu nyeupe, mimi na gauni la njano ambalo mama alilishona kwa kitambaa cha pazia, usiulize pazia la nani. Wacheza nyoka walikuwa namba sita. Nyoka wao mmoja alikuwa amechoka na joto, analala tu, mwenyewe anambembeleza. Upande wa pili kulikuwa na turubai, viti vya wakubwa, bendera, na piano imefunikwa shuka, na Wazungu watatu wamekaa wanajipepea. Sina ubaya nao. Mmoja alinipungia mkono.

Karani alishika bomba la kutangazia. "Namba saba. Ngoma ya asili kutoka Mabatini."

Nilimtazama Sajini. Uso haukusogea, ila fimbo ilitikisika. Akaitikisa tena kwa makusudi, kama vile ndivyo alivyotaka, na mazeze yakaanza.

Usukumani mshindi wa ngoma hatangazwi na mtu. Makundi mawili yanapiga kwa wakati mmoja, huku na huku, na miguu ya watu ndiyo inasema. Watu wanahama. Wewe unapiga huku unaangalia upande wako unajaa au unapungua. Kwa hiyo uwanja mzima ulikuwa unajua kusoma miguu. Asubuhi ziwani, watu wakageuza shingo. Upepo wa mchana, wakaanza kuja. Tulipoingia sehemu ya tatu, watu wa upande wa turubai walikuwa wamehamia kwetu, hata waliopewa viti wameviacha, hata mwenye nyoka kaja na nyoka wake shingoni, na sasa nyoka kaamka.

Hapo ndipo gari la mgeni rasmi likaingia. Kule kwenye turubai hakuna mtu wa kumpokea ila Wazungu watatu na piano. Karani akaja mbio, akamwonyesha Sajini saa ya mkononi, akakata hewa kwa kiganja. Maliza.

Sajini akamtazama karani. Akakitazama kile kitambaa cha nota. Kisha akanyanyua fimbo juu kichwani, kwangu.

Nikaanza kutembea. Mlango wetu, mlango wa pili, wa tatu. Nikampita mbwa wa jicho moja. Nikapita binzari. Nikapita madrasa nikasikia wenzangu wanakariri. Dagaa. Bi Tausi. Ziwa likaonekana, na chuma kipo mkononi, na nikaona wazi kabisa kwamba nikigonga sasa, wimbo umeisha, na ukiisha umeishia kwenye namba saba. Umeishia kwenye jina lile alilotupa mtu wa tai. Na wimbo ukishaisha huwezi kuurudisha.

Sikugonga.

Mazeze yakasita kidogo, nusu ya pumzi, kisha yakazunguka. Baba akanitolea macho juu ya debe. Sajini fimbo yake ipo juu bado. Tukaenda mzunguko wa nne, nikafika ziwani, nikasimama kwenye maji, sikugonga. Wa tano, sikugonga. Hapo Sajini akaelewa. Niliona alivyoelewa, maana aliishusha ile fimbo taratibu, akafuta uso kwa mkono wa kanzu, na akaendelea kuongoza kama mtu mwenye siku nzima mbele yake.

Karani akanijia. Akainama.

"Mtoto, gonga hicho chuma."

"Shikamoo, Bwana Karani."

"Marahaba. Gonga."

"Bado."

"Bado nini?"

"Hujatutangaza."

"Nimewatangaza."

"Umewatangaza wengine," nikamwambia. "Sisi ni okestra."

Akaenda kwa Sajini. "Mzee, mwambie huyu mtoto wako."

"Mimi natoa ishala tu," Sajini akasema bila kugeuka. "Chuma ni chake."

"Basi acheni tu. Acheni kupiga."

Baba akatoa mdomo kwenye debe. "Okestra haikatishi," akasema, akarudi kupuliza, na mbuzi fulani mbali huko akaitikia.

Tulikuwa kwenye mzunguko wa nane au wa tisa. Mgeni rasmi alikuwa ameshuka garini, na badala ya kwenda kwenye turubai alikuwa anakuja upande wetu, watu wanampisha. Karani akamwona. Miguu yake, nayo niliisoma vizuri, haikujua iende wapi.

Siku moja, nimeshakuwa mtu mzima, baba amezeeka, nilimuuliza. Nikamwambia baba, siku ile kwa nini hamkuacha tu? Nilikuwa nimeshajua kitambo kwamba chuma hakina uchawi. Baba alicheka mpaka akashika ubavu. Akasema, "Mwanangu, kila mtu pale alikuwa na mikono yake." Kisha akaongeza, "Na hakuna hata mmoja aliyeishusha." Ndiyo nikaelewa kwamba ule uwanja haukusimamishwa na mtoto. Ulisimamishwa na watu ishirini na mmoja waliokubali kumsubiri. Sajini ameshatangulia, na okestra alikwenda nayo. Kitambaa kiliraruka, mazeze yaliliwa na mchwa. Chuma ninacho, kipo kwangu nyuma ya mlango.

Lakini siku ile sikujua hayo. Siku ile nilijua kwamba nikichelewa sana watu watazikwa na nanga zao, na bado nilikataa. Hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda.

Karani akanyanyua bomba la kutangazia. "Mabibi na mabwana," akasema, akatuangalia, akamwangalia mgeni rasmi aliyekuwa ameshafika. "Mnaowasikia ni okestra. Okestra ya Mabatini."

Watu wote wakageuka kunitazama mimi. Karani akanifanyia ishara ya mkono, haya, gonga. Sajini akanyanyua fimbo juu, macho yake yamejaa maji mpaka sijui kama alikuwa ananiona.

Lakini mimi nilikuwa mlango wa sita. Na okestra haigongi kwenye mlango wa sita.

Karani akanipungia tena. Mgeni rasmi amesimama, mikono nyuma, anangoja. Uwanja mzima unangoja. Nikaendelea na safari yangu. Nikampita mbwa. Nikapita duka, nikavuta ile binzari. Nikapita madrasa, sikukimbia. Nikamwamkia mama wa dagaa. Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Bi Tausi yupo mlangoni na sinia lake, na mbele yake hakuna mlango tena.

Nikagonga.